Picha inamwonyesha yuko mbali, sauti yake iko sikioni

msuka_picha: Wadau, nahariri filamu fupi tuliyoipiga kwenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Zanzibar. Bibi anamwita mjukuu kutoka mwisho wa ukumbi, kama mita 10 hivi na kamera. Vespa za uchochoroni ziliharibu sauti, basi tukarekodi maneno upya chumbani, magodoro yameegemezwa ukutani. Sasa anasikika kama ananong'ona begani kwangu. Nimeshusha sauti mpaka maneno hayashikiki, na bado hajasogea. Nifanyeje?

sikio_pevu: Kushusha sauti kunampoza tu, hakumpeleki mbali. Ndani ya nyumba, sikio hupima umbali kwa kulinganisha sauti iliyotoka mdomoni moja kwa moja na ile iliyogonga kuta kwanza. Umbali ukiongezeka mara mbili, ile ya moja kwa moja hupungua kama desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba unabaki karibu uleule. Ndiyo maana aliye mbali husikika zaidi kwa mwangwi. Magodoro yenu yameumeza wote. Bibi hana pa kusimama.

Rudini nyumba ileile usiku, vespa zikitulia. Spika ikae aliposimama bibi, maiki ikae ilipokuwa kamera, mpige ile rekodi na kuirekodi tena. Walter Murch, fundi wa sauti za filamu, alifanya hivyo kwa muziki wa filamu *American Graffiti* (1973), kisha akachanganya rekodi kavu na yenye mwangwi, akiongeza hii na kupunguza ile kadiri tukio lilivyotaka. Nakusihi usikimbilie mwangwi wa kanisa ulio kwenye programu! Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti za mkoko ni fupi. Kuta mbili za chokaa zimekaribiana, mwangwi unarudi upesi, na mtu aliyekulia kule atajua umemdanganya.

msuka_picha: Nyumba nitaipata. Nikate na trebo, zile sauti kali za juu?

sikio_pevu: Kidogo sana. Ukizidisha atakuwa nyuma ya mlango, si mwisho wa ukumbi.

fundi_maiki: Mkuu kasema yote ila moja: mwigizaji mwenyewe. Anayeita mita 10 hupaza koo, na koo lililopazwa lina rangi yake ambayo mashine haiigizi. Kama alisema kwa upole mbele ya maiki, mrudisheni kwanza. Mjukuu asimame mbali kweli, bibi amwite.

msuka_picha: Alisema kwa upole kabisa. Nampigia simu leo, spika itafuata.