Mafunzo ya ultrasaundi ya wiki mbili yanatosha? Nipo Ukerewe

Radiografa wa Visiwani:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni radiografa, kituo kimoja huku Ukerewe. Eksirei niliisomea, ultrasaundi nimeichukulia kazini. Mwezi uliopita walikuja wakufunzi kutoka Ulaya, watu wavumilivu sana. Wiki mbili tukajifunza kupima mimba, figo, mawe kwenye nyongo. Wakaondoka Ijumaa.

Jumatatu akaletwa mvuvi wa dagaa, kijana tu, tumbo limejaa maji, usiku ametapika damu. Nikapaka jeli, nikaweka probu, kile kishikio cha mashine, chini ya mbavu za kulia. Ini lote lina michirizi minene inayong'aa kandokando ya mishipa, kama mizizi. Bandama imeshuka mpaka usawa wa kitovu. Kwamba ni kichocho, kile cha tumbo kinachoharibu ini, nilijua, nani wa huku asijue? Ila kwenye ripoti nikakwama: nipime nini, nikiiteje? Daktari wa radiolojia yuko ng'ambo ya maji, na meli ya asubuhi ilishaondoka. Nikaandika sentensi mbili, akapewa rufaa. Roho inaniuma mpaka leo.

Nani amepata mafunzo yaliyomsaidia kweli? Yalikuwaje?

Mama Probu, Mwanza:
Pole mwanangu, na hongera kwa kuiona. Tafuta mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa Niamey. Una picha za ini zenye herufi A hadi F: A ni ini la kawaida, F ndiyo makovu yaliyosambaa kupita yote. Unalinganisha na ulichokiona, unaandika herufi. Halafu pima kipenyo cha mshipa wa porta, ule mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, ukizingatia na urefu wa mgonjwa. Mimi nilifundishwa hivyo mgonjwa akiwa kitandani, mwalimu kanishika mkono, miezi si siku. Nitumie picha zako bila majina, tuzisome pamoja.

Mdau wa Dar:
Mama kasema kweli kuhusu miezi. Muhimbili, kuanzia 2018, timu za kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kwingineko zilikuja kwa kupokezana kufundisha matibabu kwa kuongozwa na picha: kuzibua njia ya nyongo, kutoa usaha kwa mrija. Hakuja daktari peke yake, alikuja na muuguzi na radiografa, kila mmoja akakaa na mwenzake wa hapa. Waliohitimu sasa ndio wanaofundisha wengine. Nyie wa visiwani mnastahili mpango wa namna hiyo, si cheti na picha ya pamoja.

Kaka wa Sengerema:
Na waje na magonjwa yetu kichwani. Mawe ya nyongo nakutana nayo mara chache, kichocho kila wiki.

Radiografa wa Visiwani:
Shikamoo Mama, asante sana. Mwongozo nimeupata. Leo amekuja mwanamke mchuuzi wa samaki: nimeandika D, porta milimita 15, bandama nimepima pia. Ripoti nusu ukurasa. Picha nne nimekutumia sasa hivi, ya tatu sina uhakika nayo, naomba uanze na hiyo.