Laibrari ya mizani: tuitoe imeshajengwa au kila mtu ajijengee?

Jiwe_la_Bismarck: Wakuu, ile laibrari ya C++ inayosoma uzito wa samaki kwenye mizani za Bluetooth, app tatu za hapa Mwanza zinaitaka. Tutoe msimbo chanzo kila mtu akompaili na NDK yake (zana za C++ za Android), au AAR (furushi la laibrari ya Android) yenye .so, yaani msimbo uliokwisha kompailiwa? Mimi nasema AAR. Prefab, mpangilio wa ndani ya AAR, hubeba heda na .so pamoja. Anayeitumia anawasha prefab kwenye Gradle (inayojenga app), anaandika find_package kwenye CMake (inayojenga C++), basi.

Dagaa_Mkavu: AAR sawa, ila arm64-v8a (biti 64) pekee. armeabi-v7a (biti 32) ya nini? Simu za makumbusho hizo.

Mama_Kirumba: Makumbusho? Shuka soko la samaki Mwaloni alfajiri uone wachuuzi wameshika nini. Tena kuna simu zenye chipu ya biti 64 na Android ya biti 32. App ikiwa na .so nyingine za v7a, itaingia vizuri tu, halafu ikifika loadLibrary, kupakia .so yetu, inadondoka: UnsatisfiedLinkError.

Dagaa_Mkavu: Na bando la mchuuzi wako umelipigia hesabu? Kila ABI (aina ya prosesa) inavimbisha APK, faili la kusakinisha app.

Mama_Kirumba: App bundle, ile inayopandishwa Play, inakata kwa ABI, kila simu inashusha yake. Soma kwanza, ng'wanawane.

Dagaa_Mkavu: Wanaorushiana APK gatini nao wanapitia Play?

Nyakato_Mekfaili: Mnagombana simu, bomu liko kwingine. AAR mbili zikibeba libc++_shared.so (laibrari sanifu ya C++), Gradle inagoma: faili mbili, njia moja. Mtu anaweka pickFirst (chukua ya kwanza), ikibaki ya zamani, app inaweza kufa. Unganisha c++_static, laibrari hiyo iingie ndani ya .so yetu, weka -fvisibility=hidden na -Wl,--exclude-libs,ALL, nje zionekane fankisheni za extern "C" tu. std::string na exception zisivuke mpaka wa laibrari. Halafu kurasa za kumbukumbu za KB 16: Play inazidai tangu Novemba 2025 kwa app zinazolenga Android 15 kwenda juu. NDK r28 inapanga .so hivyo yenyewe; r27 ongeza ANDROID_SUPPORT_FLEXIBLE_PAGE_SIZES=ON. Piga readelf -l kwenye .so, kila mstari wa LOAD usome 0x4000 (KB 16). Ukiona 0x1000 (KB 4), rudi jikoni.

Dagaa_Mkavu: Umeona? Hata hizo KB 16 ni za biti 64 tu. v7a imesahaulika.

Mama_Kirumba: Haidaiwi kitu, ndiyo maana haina usumbufu!

Jiwe_la_Bismarck: Jamani, AAR au msimbo?

Mama_Kirumba: Kwanza Dagaa afute neno makumbusho.