Eti "shika kwa mikono miwili"! Yule bwana wa saa kubwa leo kanimaliza

Wakuu,

Naandika nikiwa ndani ya daladala na mikono bado inatetemeka, kwa hiyo makosa ya uandishi mtanisamehe. Natoka kikao cha harusi Sinza. Jina simtaji, hana haja ya kutajwa, mnamjua. Yule anayekunja shati mkono mmoja tu, wa kushoto. Yule ambaye akimwita mhudumu anaunyanyua huo mkono juu na kuuacha hukohuko mpaka bia ifike.

Leo kaja na mpya. Na nikisema saa msifikirie saa, ile ni sahani ya kikombe iliyofungwa mkanda. Panerai Luminor, milimita 47, katutangazia mwenyewe kabla hata ya sala ya kufungua kikao. Kizibo cha soda ukikiweka juu ya kile kioo kinabaki na uwanja wa kuchezea. Ubavuni kuna dude la chuma la kufungua na kufunga, kama komeo la choo cha uani. Akikunja kiganja linamdunga, alama nimeiona kwenye ngozi kwa macho yangu, lakini mtu anatabasamu tu.

Basi ikapitishwa mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Ikafika kwangu. Nikaipokea kama mtu yeyote anavyopokea kitu, mkono mmoja, wa pili una mshikaki. Ndipo akasema, kwa sauti, mbele ya kamati nzima, mbele ya mashemeji:

"Mdogo wangu, shika kwa mikono miwili. Hapo umeshika kiwanja cha Kigamboni."

MDOGO WANGU! Mimi nimemzidi miaka minne! Na wakuu, kinachoniua zaidi ni kwamba nilishika. Nikaweka mshikaki chini, nikafuta mkono kwenye suruali, nikashika kwa mikono miwili kama napokea cheti cha darasa la saba. Watu wakaangua kicheko mpaka mweka hazina akamwaga soda.

Sasa niiseme saa yenyewe kwa haki, msije mkasema wivu. Nzito. Niliiweka mkononi mara moja tu nikahisi bega linashuka. Namba kamili ziko nne, 12, 3, 6 na 9, kubwa utadhani bei za mafuta kwenye kituo. Zimekatwa matundu kwenye bamba la juu na dawa ya kung'aa iko chini yake. Umeme ulipokatika zikawaka, na hapo nakiri nilisema "duh". Kimoyomoyo. Mishale ni miwili, wa sekunde hakuna, kwa hiyo huwezi kujua kama inatembea au imelala.

Ilikuwa imelala. Inasoma saa tisa kasoro na sisi tunaikaribia saa mbili usiku. Wakati wa kuondoka akaniuliza mimi saa ngapi, nikamtazamia kwenye Casio yangu, nikamwambia. Lakini hilo tuliache. Mikono miwili, wakuu! Kiwanja!

Chizi wa Temeke: Picha iko wapi? Uzi bila picha ni chai.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Subiri kwanza. Uliweka mshikaki chini kweli? Hahahaaa, na mkono ukafuta kabisa?

Mzee wa Lifti: Namjua huyo. Si ana Harrier nyeusi?

Mleta uzi: Ana IST.

Mzee wa Lifti: Basi wa kwetu ni mwingine. Wa kwetu mkanda umechubuka, anaupaka kiwi.

Pangaboi: Kwani ulilazimishwa kushika? Ungesema sitaki, yaishe. Wivu huo.

Mleta uzi: Mkuu ungekuwepo usingesema hivyo. Ilikuwa imeshafika mkononi! Ningeiachia?

Pangaboi: Ndiyo. Ungeangusha kiwanja.

Fundi Saa Mstaafu: Saa haijafa hiyo, ni ya kutia ufunguo kwa mkono. Springi ikijaa inatembea siku 3. Ndani kuna kigurudumu kinapiga mara 21,600 kwa saa moja, ukiitega sikioni unakisikia. Hajaitia ufunguo, basi. Na hilo mnaloliita komeo la choo linabana kifundo cha ufunguo ili maji yasipenye, inaelekea bwana mkubwa hajui hata linafunguliwaje. Casio ya mleta uzi, kama ni ile nyembamba ya plastiki F-91W, iko sokoni tangu 1989, betri moja inakaa miaka 7, na kwa mwezi mzima inapotea nusu dakika tu. Kwa usahihi hapo ni goli tano bila.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Mleta uzi, yaani mwenye kiwanja cha Kigamboni alikuomba saa wewe wa Casio, halafu umerudi hapa unalia? Ulishinda wewe!

Mleta uzi: Haikuniingia, nilikuwa na hasira. Mimi nasikia "mdogo wangu" tu masikioni mpaka sasa hivi.

Babu Ramani: Msicheke ukubwa wake, una asili. Panerai ilianzia Florence, Italia. Walikuwa wanawatengenezea saa wapiga mbizi wa jeshi la majini. Ilifungwa juu ya vazi la kuzamia, usiku, chini ya maji, sasa ukiwa na kisaa kidogo utaona nini? Wale jamaa walikuwa wanapanda topido, yaani bomu la kwenda chini ya maji, wawiliwawili kama bodaboda, na wenyewe waliliita kwa utani Nguruwe. Desemba 1941 waliingia nazo bandari ya Alexandria, Misri, wakazitoboa manowari mbili za Waingereza, Queen Elizabeth na Valiant.

Chizi wa Temeke: Sawa babu, na Sinza alikuwa anazamia wapi?

Mzee wa Lifti: Ngoja masika.

Mimi Ndiye Niliyemwaga Soda: Habari zenu. Nimeletewa huu uzi na mtu wa kamati. Kwa taarifa tu, mwenye kiwanja aliahidi laki mbili, mpaka leo ametoa elfu thelathini, na kila kikao anasema "wiki ijayo". Halafu mleta uzi, na wewe ahadi yako vipi? Maana humu naona una nguvu za kuandika.

Pangaboi: Hahaaa! Uzi umegeuka.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Mleta uzi kanyamaza ghafla. Daladala imeingia handakini?

Ndizi Nne: Babu kasema nguruwe kanikumbusha machungu. Juzi nimeagiza kitimoto kilo moja, sehemu mnaijua, ile yenye foleni. Nimekaa saa nzima na nusu, inakuja sinia: mifupa, mafuta, ndizi mbili. MBILI! Kilo gani ile?

Mzee wa Lifti: Pale wanapima na karatasi. Niliacha kwenda mwaka jana.

Ndizi Nne: Na pilipili wanauza siku hizi. Tangu lini pilipili ikauzwa?

Pangaboi: Mimi nilimwambia mchomaji aipime tena mbele yangu. Akaniangalia kama nimemtukania mama.

Mwana wa Feri: Sisi wa pweza tunapita kimyakimya, hatuna ugomvi na mtu.

Chizi wa Temeke: Pweza naye kapanda, kipande kama kifutio cha penseli.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada jamani. Mtu mzima naambiwa shika kwa mikono miwili!

Ndizi Nne: Hata kitimoto kinashikwa kwa mikono miwili mkuu. Nimepata kibanda kingine Sinza hapahapa, mzani uko wazi, ndizi nne. Ndiyo naelekea.

Mleta uzi: Ndizi wanakaanga au wanachoma?

Ndizi Nne: Zote zipo.

Mleta uzi: Nimeshashuka Ubungo. Nageuza.

Mimi Ndiye Niliyemwaga Soda: Kumbe hela ipo.