"Hjalipa" ndiyo nini? Hujalipa au hajalipa? Hivi vifupisho vyenu vimetuchosha

Wakuu, leo nimekuja na hasira, anayetaka lugha ya kubembeleza apite nyuzi nyingine.

Kijana anakutumia ujumbe: "mm nlimwmbia hjalipa". Nani sasa hajalipa, mimi au huyo aliyeambiwa? Umekata irabu moja, mdaiwa kapotea! Ukiuliza, unajibiwa "c umeelewa lkn". Sijaelewa! Ujumbe wa aina hii umeshanigombanisha na mtu kwenye suala la hela, na aliyeuandika akabaki anashangaa tunagombania nini.

Najua mtakuja na utetezi wa Kiingereza, kwamba wenzetu wanafupisha na hawajafa. Ni kweli, hata OMG ilishaandikwa mwaka 1917, kwenye barua ya Admirali John Fisher kwa Winston Churchill. Lakini kwa Kiingereza mtendaji ana neno lake pembeni, ukinyofoa irabu za kitenzi bado unajua nani kafanya. Sisi mtendaji, wakati na mtendwa vyote vimo ndani ya kitenzi, tena kwa visilabi vya herufi mbili mbili. "Sikukupigia" imebeba mimi, wewe, ukanushi na wakati uliopita. Ukiniandikia "ckkpgia" unataka nikapige ramli?

Zamani walau sababu ilikuwepo. SMS ya kwanza ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992, na ujumbe mmoja mwisho wake ulikuwa herufi 160. Ukizidisha, unahesabiwa wa pili na unalipia. Hata hiyo "xaxa" inayonikera kuliko zote ilikuwa na hesabu yake: kwenye simu za vitufe, S ilikaa kwenye 7 na unaibonyeza mara nne, X ilikaa kwenye 9, mara mbili tu. Haya, leo una simu ya kugusa, S mguso mmoja, X mguso mmoja. "Xaxa" na "sasa" zote herufi nne. Umeokoa nini hapo?

Na wala si kufupisha peke yake. Kuna hawa wa "ni mekuja" na "ana enda", ambao wanaongeza nafasi kabisa, yaani wanarefusha! Kuna wa "alikua mwalimu". Alikua akafika kimo gani?

Misimu ya vijana sina ugomvi nayo, mingine inanichekesha na mingine naitumia. Kinachoniuma ni kwamba uandishi huu umehama kwenye simu. Uko kwenye insha. Uko kwenye barua za maombi ya kazi, mtu mwenye cheti anaandika "naomba nafac hii" halafu analalamika hajaitwa kwenye usaili. Mwalimu akisahihisha anaitwa mkoloni. Wazazi nao, badala ya kukemea, wanajibu "xawa mwanangu" ili waonekane wa kisasa (nyie ndio mnanimaliza kabisa).

Mimi nimeshaamua. Ujumbe wa "hjalipa", "hjafka", "hjapata" siujibu mpaka irabu zirudi. Kama ni deni, andika kiasi kwa tarakimu na jina la mdaiwa kwa herufi zake zote.

Na wale wa "umeongea xana mkuu", nawaona mnavyokuja mbio.