Mrejesho: bushi za nyuma za Premio

Wadau, habari za siku. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu Toyota Premio yangu iliyokuwa ikigonga nyuma kila nikivuka matuta ya hapa Tororo na kuyumba mkia kwenye kona. Wengi mlisema ni bushi za ekseli ya nyuma, yaani zile raba zenye ganda la chuma zinazounganisha ekseli na bodi ya gari. Kweli kabisa: raba zilikuwa zimechanika hadi chuma kinagusa chuma.

Bushi mpya niliagiza soko la vipuri la Kisekka, Kampala. Nilifuata ushauri wa kuweka alama ya mwelekeo wa bushi ya zamani kabla ya kuitoa, maana haikai vyovyote. Ya kushoto niliivuta kwa bolti ndefu, nati na kipande cha bomba, kisha nikaingiza mpya kwa maji ya sabuni. Nashukuru aliyenikataza grisi, mafuta huharibu raba.

Ya kulia ilinishinda. Ganda lake lilishikwa na kutu, nikalikata kwa msumeno wa chuma saa nzima bila mafanikio, mwishowe nikamwita fundi mwenye kifaa cha kuvutia.

Jambo lililonisaidia kuliko yote: bolti za bushi nilizikaza mwisho, gari likiwa limebeba uzito wake kwenye magurudumu. Ukizikaza linaning'inia, raba hubaki imejipinda na kuchanika mapema.

Mkia umetulia. Mlio mdogo umebaki kulia, nadhani ni shokapu, nitaikagua Jumamosi. Asanteni sana, ndugu zangu.