Diploma, shahada au kozi fupi: njia ipi ya kusomea ushauri nasaha wa afya ya akili Pwani?

BintiMsabaha:
Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, kaunti ya Kilifi. Nikizunguka nyumba zangu nakutana na shida ambazo Panadol haiziwezi: mama aliyejifungua na hataki kumshika mwanawe, kijana aliyeacha kwenda baharini na sasa anashinda amelala. Nataka kusomea ushauri nasaha, lakini niwe mshauri ambaye bibi wa Kigiriama au mzee wa Kibajuni atamfungulia moyo.

Nina njia tatu mbele yangu. Diploma ya miaka miwili Mombasa. Kozi fupi ya PM+ (Problem Management Plus) ya Shirika la Afya Duniani, ya kuwasaidia watu waliolemewa na msongo wa mawazo, ambayo mradi mmoja unaitoa bure kwa wahudumu kama mimi. Au kozi ya mtandaoni ya chuo cha nje. Shahada moja kwa moja siwezi, maana inataka C+ ya KCSE na mimi nina C. Waliopitia njia hizi nisaidieni.

Mshauri_Changamwe:
Dada, mimi ni wa diploma na siijutii. Ila usichague chuo kwa jina. Uliza utawaona wateja wangapi kabla ya kuhitimu, na nani atakusimamia. Darasani tulifundishwa tukae tumeelekeana na mteja, tumtazame machoni. Nikapelekwa mazoezini Likoni na msimamizi mzaliwa wa huko huko. Aliponiona namkodolea macho mzee wa miaka sabini alinisubiri tutoke, akaniambia: kaa ubavuni mwake, tazameni njia nyote wawili, na umwulize kwanza habari za shamba. Mzee yule yule alizungumza saa nzima.

Huyo ndiye aliyenifundisha pia jinsi ya kumwomba mama mkwe atupishe bila kumvunjia heshima. Kwenye nyumba ya vyumba viwili, siri ya mteja inalindwa kwa adabu kabla ya kulindwa kwa fomu. Kozi ya mtandaoni haiwezi kukupa haya kama hukupangiwa msimamizi aliye karibu nawe.

Nesi_Unguja:
Nampa haki kaka wa Changamwe, lakini PM+ msiidharau. Ni vikao 5, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja: kutuliza mwili kwa pumzi, kushughulikia tatizo hatua kwa hatua, kurudi kwenye shughuli, na kuimarisha msaada wa watu walio karibu. Ilijaribiwa Dagoretti, Nairobi, kwa wanawake waliopitia ukatili, na waliowahudumia walikuwa wahudumu wa afya ya jamii kama wewe, mdogo wangu. Hali ya wanawake hao iliimarika.

Tazama pia Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alianza mpango wa Friendship Bench, yaani benchi la urafiki, mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare, wanaokaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Mpango huo umefika hadi huku kwetu Zanzibar. Wale bibi wanasikilizwa kwa sababu ni watu wa mtaa ule ule, wanaijua njaa yake na misiba yake.

Mpaka wake ujue. PM+ si ya mtu aliye karibu kujiua, wala anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huyo unampeleka hospitali; kwetu anakwenda Kidongo Chekundu.

Saikolojia_Nairobi:
Niseme jambo ambalo hamjalisema. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na kujiita mshauri kunataka usajili. Cheti cha PM+ hakikupi usajili huo. Kabla ya kulipa karo yoyote, hasa ya chuo cha nje, iulize bodi inayosajili washauri kama inakitambua.

La pili, na hili linaniuma: kuheshimu mila si kukubali kila kitu. Nimefanya kazi na wasichana walionajisiwa, wazee wakakaa maslaha, yaani suluhu ya kimila nje ya mahakama, familia ikapewa mbuzi na pesa, mtoto akaambiwa anyamaze. Mshauri anayesema "ndiyo utamaduni wao" amemtupa mtoto. Mafunzo mazuri lazima yakupe uti wa mgongo hapo.

Na yakuzoeze kuuliza swali la 9 la PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona; swali hilo ni la mawazo ya kutaka kufa. Wanafunzi wengi hulirusha kwa haya. Familia nazo huficha, zikiogopa polisi, ingawa Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

MzeeKombo:
Nami niongeze. Wagonjwa wengi watafika kwako wameshapita kwa shehe, kwa mchungaji au kwa mganga. Usiwakebehi, maana ukiwakebehi hawarudi. Anayesomewa kisomo aendelee, na dawa za hospitali asiache. Ukisikia kuna aliyefungwa minyororo, hilo huliachi, binti yangu.

BintiMsabaha:
Shukrani sana, na shikamoo Mzee Kombo. Ya mtandaoni nimeiondoa. Nafikiria kuchukua PM+ sasa, kisha diploma nikishapata karo. Je, itanichelewesha?

Mshauri_Changamwe:
Haitakuchelewesha. Utaingia darasani ukiwa na visa vyako mwenyewe vya kuuliza. Ila mwambie mtu wa mradi akueleze nani atakusimamia wiki baada ya wiki mafunzo yakiisha. Wakikwambia hakuna, usianze kuona wateja peke yako. Tafuta kwanza nesi wa afya ya akili katika hospitali iliyo karibu akubali kukusikiliza.

Nesi_Unguja:
Na muulize kama mazoezi ya kuigiza yatafanywa kwa Kiswahili na Kigiriama. Ukijifunza kwa Kiingereza, siku ya kwanza mbele ya yule mama aliyejifungua utatafuta maneno.