Mrejesho: Seva ya dukani au wingu?

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama duka letu la jumla la dawa hapa Mwanza, lenye matawi matatu, linunue seva yake (kompyuta kuu ya kutunza data) au likodi nafasi kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti. Wengi mlisema wingu. Mmoja wenu akaniuliza, "Intaneti ikikatika, mtauza?" Swali hilo ndilo lililoamua.

Nilikumbuka Mei 12, 2024, mikonga ya baharini inayoleta intaneti, EASSy na Seacom, ilipokatika. Zahanati inayotaka insulini haiwezi kuambiwa isubiri mkonga uunganishwe.

Kwa hiyo mauzo na stoo tumeviweka kwenye seva ndogo hapa dukani, yenye diski mbili zinazobeba data ileile, pamoja na betri ya akiba. Kila usiku nakala iliyosimbwa (iliyofichwa kwa msimbo ili mtu mwingine asiisome) inakwenda kwenye wingu, Cape Town. Tulianza kwa kuipitia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, maana inagusa taarifa zinazovuka mpaka. Barua pepe ziko kwenye wingu moja kwa moja.

Kilichoniuma ni bili ya wingu. Inakuja kwa dola, sisi tunauza kwa shilingi. Mwezi wa kwanza tulisahau kuzima mashine ya majaribio tuliyoikodi huko, tukailipia bure. Sasa kuna mtu anakagua kila Ijumaa.

Wiki iliyopita diski moja ilikufa. Mauzo hayakusimama hata dakika moja. Lakini tulipojaribu kurejesha nakala ya wingu, ilichukua saa sita. Ni nyingi mno, bado tunalifanyia kazi. Asanteni sana, hasa wewe uliyeuliza swali lile.